Nyangumi wa Mama Pindo

Wageni wakija mjini kwetu hukaa siku mbili, hupiga picha za maji, huvuta pumzi ndefu kama watu waliolipia hewa, kisha husema, "Nyie mna bahati kweli." Sisi hucheka kwa adabu. Siku ya tatu wameshaondoka, kwa hiyo hawajui. Hawajui kwamba hiyo hewa wanayoivuta imepita kwanza chini ya soko la samaki, kwenye ule mfereji unaobeba matumbo na magamba na kuyamwaga pale pale ufukweni ambapo watoto wanaogelea, na ambapo watu wazima, wakiamini hakuna anayewaona, wanachutama. Hawajui kwamba chumvi ya hapa inakula kila kitu: kufuli, bawaba, zipu, miguu ya vitanda, hata subira ya mtu. Na mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya mwanzo wa mtaa, ukifika mwisho wake unakuta watu wanachangishana jeneza lako.

Humo anaishi fundi cherehani tuliyempa jina la Mama Pindo. Jina alilipata kihalali. Akikutana nawe njiani pindo la nguo yako limefumuka, anakusimamisha, anachomoa sindano aliyoichomeka kifuani na kukushona hapo hapo ukiwa wima, huku akikutukana. Mumewe alikufa zamani kwa homa, akamwachia vitu viwili: nyumba ya mbele kabisa, ambayo mlango wake unatazamana na maji, na dada yake. Nyumba ilikuwa inavuja. Dada mtu alikuwa anakoroma. Huyo dada Mama Pindo alimwita Wifi, na kwa kuwa mjini kwetu hakuna cha mtu mmoja, sote tukamwita Wifi. Kazi yake ilikuwa kuuza barafu sokoni kwa wachuuzi wa samaki.

Sasa, sifa ya Mama Pindo haikuwa mshono. Washonaji wapo. Sifa yake ilikuwa moja tu: nguo zake hazinuki samaki. Wewe unaweza kuliona hilo ni jambo dogo, kwa sababu hujawahi kuvaa suti mpya ukakuta imeshachukua harufu ya samaki wa jana. Mjini kwetu hata fedha zinanuka samaki. Mkate unanuka samaki. Nadhani hata sala zinafika juu zikinuka, ndiyo maana majibu yanachelewa. Lakini nguo ikitoka chumba cha mbele kwa Mama Pindo, ilitoka inanuka sabuni na pasi. Alifunika vitambaa kwa shuka, akaweka vipande vya sabuni katikati ya mikunjo, na Wifi akitoka sokoni hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Alizunguka uani, akavua, akaoga, ndipo ahojiwe kama mtuhumiwa.

"Wifi, umeoga?"

"Nimeoga."

"Na kichwa?"

"Kichwa nacho ni mwili?"

"Rudi."

Kitu kingine lazima ukijue. Mtaa wetu wa ufukweni una sheria yake ambayo haikuandikwa popote na ndiyo pekee tunayoifuata: kilicholetwa na maji ni cha mwenye mlango. Kikitua mbele ya mlango wako, ni chako, hata kiwe nini. Na maji, sijui walikuwa wameahidiana nini, yalimpenda Mama Pindo. Mbao nzuri zilizoanguka kwenye meli zilitua kwake. Kamba nene zilitua kwake. Viti vya plastiki, madumu, mlango mzima ukiwa na kitasa chake, kwake. Sisi majirani tulikuwa tunaamka, tunachungulia kwetu, tunakuta kandambili moja ya mguu wa kushoto. Tukasaga meno, tukampongeza.

Aliyesaga zaidi ni mke wa Mwenyekiti. Mwenyekiti ni yule wa mtaa, mtu wa tumbo na mhuri, na mkewe ni mtu wa kumkumbusha kwamba ana mhuri. Lakini alipopata kumwoza binti yake, alimeza wivu wake kama kidonge na kupeleka vitambaa kwa Mama Pindo: gauni la bi harusi na sare za ukoo mzima. Wakwe watarajiwa walikuwa wanatoka bara, mbali na maji, watu wenye pua.

"Nakuletea wewe kwa sababu moja tu, na unaijua," alisema mke wa Mwenyekiti. "Hawa watu wakinusa samaki kwa mwanangu, nitakuja kukuuliza."

"Mimi sijawahi kutoa nguo inayonuka tangu nishike sindano," alijibu Mama Pindo. "Siku nikitoa, nyonga cherehani, halafu uninyonge mimi."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, asubuhi, Wifi alifungua mlango wa mbele ili afagie ukumbi, akasimama na ufagio.

"Wifi," aliita. "Kuna ukuta."

"Ukuta gani?"

"Nje. Wamejenga ukuta."

Mama Pindo alitoka na futi ya kupimia ikiwa shingoni. Haukuwa ukuta. Alikuwa nyangumi, amekufa siku nyingi kabla ya kufika, mweusi huku, kijivu kule, na sehemu nyingine rangi ambayo haina jina katika lugha ya watu wenye afya. Ngozi ilikuwa inamenyuka kama rangi ya mlango wa zamani. Jicho moja lilikuwa limeliwa na kitu, na hicho kitu bado kilikuwa mle ndani kinaendelea. Amelala sambamba na nyumba, kimo chake kimepita dirisha, kana kwamba alikuja kuuliza bei ya mshono.

Tulikuja sote. Nani angebaki nyumbani? Tulikuja tumeziba pua kwa kanga, kwa mashati, kwa makwapa ya wenzetu. Wakapanda watoto juu yake wakateleza. Wakaja vijana wa simu wakapiga picha wametoa vidole viwili mbele ya mzoga, kama wamefunga bao. Kila mmoja wetu moyoni alikuwa anasema kitu kile kile: mbao zilikuwa zako, na hili nalo lako.

Mwenyekiti alikisema kwa sauti. "Sheria ni sheria," alitangaza, kitambaa puani, kwa hiyo ikasikika kama anatangaza kutoka kisimani. "Kilicholetwa na maji ni cha mwenye mlango. Hatuwezi kuwa na sheria ya mbao na sheria ya mizoga."

"Baba Mwenyekiti, hiki kitu ni kikubwa kuliko nyumba yangu," alisema Mama Pindo.

"Basi umebarikiwa."

Watu wakacheka. Wale wale aliowashonea mapindo njiani bure.

Akaja Bwana Afya, mwenye buti za mpira na kalamu tatu mfukoni. Akauzunguka mzoga kwa mbali, akatema mate, akauliza, "Mwenyewe nani?" Sijawahi kuona mtaa wetu ukikubaliana haraka hivyo. Vidole vyote vikaelekea upande mmoja. Bwana Afya akamwambia Mama Pindo kwamba mwenye mzoga ndiye mzikaji wa mzoga, na azike kabla haujawa hatari kwa umma. Kisha umma ukaenda kunywa chai.

Azike na nini? Kwa kijiko?

Jumanne mzoga ulianza kuvimba. Jumatano ulivimba mpaka ukawa na haya, ukageuka kidogo na kuonyesha tumbo jeupe lenye mistari, limejaa kama ngoma. Kuhusu uvundo sitakudanganya kwamba naweza kuueleza. Haukuwa harufu, ulikuwa kitu cha kushikika. Uliingia mdomoni ukakaa juu ya ulimi kama mafuta yaliyoganda. Ulikuwa na utamu ndani yake, na huo utamu ndio uliotutapisha. Mafuta yalianza kutoka yakatiririka mpaka kizingitini kwa Mama Pindo, na nzi walikuja kwa wingi hata ukuta ulionekana unapumua.

Ndani, yule mwanamke alikuwa vitani. Aliziba nyufa za dirisha kwa mabaki ya vitambaa. Akatundika gauni katika chumba cha kati, ndani ya shuka mbili na mfuko wa nailoni, akapanga sabuni kuzunguka kama askari. Kila baada ya muda mfupi alifungua kona, akanusa. Na Alhamisi, alipofungua kona akanusa, hakusikia chochote. Hakusikia uvundo, hakusikia sabuni. Pua ilikuwa imekufa.

"Wifi, njoo unuse hapa."

Wifi alinusa kwa bidii, macho juu. "Mimi sisikii kitu."

"Hainuki?"

"Sijasema hainuki. Nimesema sisikii. Mimi nimekaa na samaki tangu nina meno ya utoto, hata nikinusa moto lazima niuone kwanza."

Hapo ndipo Mama Pindo alipoingiwa na hofu ya kweli. Jina lake lote lilikuwa limening'inia kwenye ile nailoni, na hakuwa na namna ya kujua kama limeoza. Alikwenda kwa jirani wa kwanza, mwenye duka, akaomba amhifadhie zile nguo stoo.

"Dada yangu," alisema mwenye duka, "stoo kuna unga. Nguo zako zikiwa zimeshachukua, unga wangu nao utachukua. Sina ubaya na wewe."

Alikwenda kwa mke wa Mwenyekiti mwenyewe, akamwomba achukue nguo zake mapema, zikae kule mwisho wa mtaa ambako hali ilikuwa nafuu.

"Zimekwisha?"

"Bado pindo."

"Sasa nichukue nguo isiyo na pindo kwako, Mama Pindo? Nimalizie kwa mate?" Mke wa Mwenyekiti alikuwa anajipepea. "Mzoga ni wako. Maliza, lete Jumamosi. Na ikinuka, utavalishwa wewe siku ya kuzikwa."

Ijumaa asubuhi maji yalijaa. Hayakuwa maji ya siku zote. Yalikuwa ya bamvua, yale yanayopanda mpaka kwenye ngazi za nyumba. Mama Pindo alikuwa anashona pindo la mwisho, akasikia kitu kinasugua ukuta wa nje, taratibu, kama ng'ombe anayejikuna. Akatoka. Nyangumi alikuwa anaelea.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Hawakumwona huyu. Mama Pindo aliangalia mzoga, akaangalia maji, akaangalia mlango wa mwenye duka. Kisha akaingia ndani akatoka na mti mrefu wa kuanikia nguo.

"Wifi! Acha chai!"

Walisukuma, mawifi wawili, maji yakiwa kiunoni na mafuta ya mzoga yakiwapaka mpaka mabegani. Wifi alikuwa anasukuma na kutapika kwa zamu, bila kukosea mpangilio. Mzoga uliondoka. Ukaenda polepole, kwa heshima zake, ukasimama mbele ya duka.

Mwenye duka alitokea na kaptula ya kulalia. "Nini hiki?"

"Mali yako," alisema Mama Pindo.

"Dada, haki ya Mungu, mimi sina ubaya na—"

"Wala mimi. Kimeletwa na maji, ndugu yangu. Sina sheria mbili."

Mwenye duka hakuwa mtu wa kubishana na sheria. Alibeba ubao wa kaunta, akasukuma. Akataka kuurudisha kwa Mama Pindo, lakini maji yalikuwa yanavuta upande wa pili, kwa hiyo ukaenda kwa jirani yake, mwalimu mstaafu, ambaye alitoka na fimbo na methali. Mwalimu akausukuma kwa kinyozi. Kinyozi kwa mjane wa nahodha. Ndani ya muda usiotosha kuchemsha yai, mtaa mzima ulikuwa majini na miti, makasia, mifagio, mguu wa kitanda. Watu waliosimamiana ndoa, waliokopeshana chumvi, walioitana ndugu tangu utoto, walikuwa wanasukumiana nyangumi aliyeoza na kutajiana wazazi.

"Sogeza kwako, mbwa wewe!"

"Kwangu? Nani alimcheka Mama Pindo Jumatatu?"

"Wewe ndiye ulicheka kwa sauti!"

"Nilicheka kwa ajili yako, ulikuwa umeziba mdomo!"

Kila mti ulipogusa mzoga ulitoka na kipande. Maji yakawa mazito, yakawa na macho ya mafuta. Kama kuna mtu anataka kujua watu wa mji mdogo wanapendanaje, ningemwonyesha asubuhi ile, halafu ningempa ndoo.

Mwisho wa mtaa, mzoga ulikwama. Mwenyekiti alikuwa amejenga ukuta wa zege kutoka uani kwake kuingia majini, kinyume na kila agizo alilowahi kutusomea sisi, ili mbao zinazopita zinase kwake. Ukuta ulifanya kazi yake. Nyangumi alinasa, akajibana vizuri kwenye kona, tumbo limeelekea uani. Na uani kulikuwa na turubai, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe, masufuria, na ukoo mzima wa Mwenyekiti. Wakwe walikuwa njiani.

Mwenyekiti alitoka na fulana, akaona, akageuka kuwa kiongozi. "Ndugu wananchi," alianza, "hili ni janga la jamii nzima."

"Sheria ya mlango!" tulipiga kelele. Tulikuwa na furaha. Tulikuwa tunanuka kama chooni kwa shetani, na tulikuwa na furaha.

"Sheria hiyo ni ya vitu vidogo vidogo!"

Mkewe alimshika mkono. "Mwite Bwana Afya, wewe! Una mhuri wa nini?"

Bwana Afya alifika, safari hii bila kuuliza mwenyewe ni nani, kwa sababu mwenyewe alikuwa anajulikana na alikuwa mkubwa. Alifikiri. Akasema tatizo ni hewa; mzoga umejaa hewa, ukitobolewa utapungua, utashuka, maji yakipwa utakwenda nayo. Ilisikika kama elimu. Mwenyekiti akaagiza mkuki wa kuvulia pweza. Mama Pindo, aliyekuwa amesimama mbali na mti wake, ndiye pekee aliyerudi nyuma, na si kwa ujuzi. Hakutaka tu kumwona Bwana Afya akipongezwa.

Bwana Afya alichoma.

Mlio wake ulikuwa kama shuka la Mungu limepasuka. Kisha kukawa na kimya kifupi, kimya cha vitu vilivyo angani. Kisha vikashuka. Matumbo yalishuka juu ya turubai, turubai likashuka juu ya viti, na juu ya yote yakamwagika maji ya rangi ya kahawia, ya moto, naam, ya moto, yakamwogesha Mwenyekiti, mkewe, mashangazi, masufuria, na bi harusi aliyekuwa amefungua dirisha kuuliza kelele ni za nini. Bwana Afya hakuanguka. Alibaki amesimama na mkuki, kitu kirefu kimemzunguka shingo kama skafu, akasema kwa sauti ndogo, "Imepungua."

Jumamosi ilikuja, maana Jumamosi haina kinyaa. Walisugua nyumba usiku kucha kwa dawa na majivu. Nguo zao zote, za kabatini na za kwenye kamba, zilikuwa zimeharibika. Zilizobaki ni zile za chumba cha kati kwa Mama Pindo. Mke wa Mwenyekiti alikuja kuzichukua mwenyewe, nywele bado zinateleza, na nyuma yake shangazi wa bwana harusi, aliyefika asubuhi ile ile kutoka bara, leso puani.

Mama Pindo alilitoa gauni kwenye nailoni. Hakumpa mama wa binti. Alimpa mgeni.

"Mama, wewe una pua," alisema. "Niambie."

Yule shangazi alishusha leso. Alinusa kola, akanusa kwapa, akanusa pindo, polepole, kama mtu anayesoma.

"Linanuka," alisema.

Mama Pindo aliketi.

"Linanuka," alirudia shangazi, "lakini nimemnusa bi harusi, nimemnusa mama yake, na nimekunusa wewe. Gauni ndilo lililojitahidi. Mvisheni."

Wakamvisha. Ndoa ikafungwa mbio mbio, wakwe wakipumua kwa mdomo, na bwana harusi akamchukua mkewe wakaondoka kabla ya keki. Gauni lilibaki kwa mama mtu, kwa ukumbusho. Na wiki hiyo hiyo mji ulianza tena kumsifu Mama Pindo. Kila nyumba ilinuka nyangumi, kwa hiyo hakuna aliyenusa kitu. Mke wa Mwenyekiti alizunguka akisema kwamba katika balaa lote lile, gauni la mwanawe tu ndilo lililotoka safi. Vitambaa vikamiminika.

Mama Pindo alivirudisha vyote. Alikwenda mpaka kwa mke wa Mwenyekiti.

"Acha kunisifia. Lilinuka."

"Halikunuka, Mama Pindo, mbona unajishusha?"

"Lilinuka. Nimeambiwa na mtu mwenye pua. Nyie hata mkizikwa wazima mtasema udongo una marashi. Lete gauni."

"Gauni ni langu!"

"Uoza ni wangu. Lete."

Walivutana mlangoni mpaka mshono wa bega ukalia, na mwenye mshono akashinda. Akalifua. Akalianika uani nyuma, akalifua tena. Kila akilianua alinusa, na pua yake haikumwambia kitu. Alimuuliza Wifi, Wifi akasema safi. Alimuuliza mwenye duka, akasema safi. Tuliposema safi alituangalia kwa kinyaa ambacho, nakiri, tulikistahili.

Ndipo akaanza kwenda kituo cha basi. Sasa ukifika mjini kwetu kwa basi la kutoka bara, mtu wa kwanza kukutana naye si mchukuzi wala mwenye nyumba ya wageni. Ni mwanamke mwenye futi shingoni na gauni jeupe mkononi, anayekuwahi mlangoni kabla mguu wako haujagusa chini, maana akichelewa, pua yako nayo itaharibika. Wengi walimkwepa, wakidhani ni mwendawazimu. Wengine walinusa, wakasema bado linanuka kidogo. Akageuka, akarudi kwenye karai.

Juzi alishuka kijana mmoja na begi mgongoni.

"Samahani mwanangu, nusa hapa."

Kijana aliangalia watu, akaona hakuna anayecheka, akainama akanusa.

"Sabuni," alisema.

"Sabuni tu?"

"Ninuse tena?" Akanusa tena, kwapani, pindoni. "Sabuni tu, mama. Na pasi."

Mama Pindo alifumba macho. Alilikunja gauni mara moja, mara mbili, akalikumbatia.

"Lakini mama," kijana aliuliza, ameshaanza kukunja uso, "hiki kingine kinachonuka ni nini?"

"Hicho ni mji, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Karibu."